Maswali ya Wasomaji: Ukimya Katika Usaili wa Kampuni za Programu

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie yaliyowapata walipoitwa kwenye usaili na kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta na simu. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, na nyingi zinafanana, kwa hiyo nimechagua saba ambazo naamini wengine watajiona ndani yake. Nimeondoa majina ya waandishi na ya kampuni, na kila barua inafuatwa na jibu langu. Jambo moja linajitokeza karibu katika kila barua, nalo ni ukimya: ukimya wa mwombaji akiwa mbele ya jopo, na ukimya wa kampuni mwombaji akisharudi nyumbani. Ule wa kwanza unatibika kwa mazoezi. Wa pili ni kosa la waajiri, nami nitausema hivyo kila nitakapoukuta.

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na ninaishi Sinza, Dar es Salaam. Mwezi wa pili niliitwa kwenye usaili wa kampuni inayotengeneza mifumo ya malipo. Wasaili watatu walinipa kalamu wakaniambia niandike ubaoni programu ya kutafuta herufi ya kwanza isiyojirudia katika neno. Swali hilo nimelifanya chumbani kwangu mara nyingi. Siku ile nilisimama karibu dakika kumi bila kuandika chochote, jasho likinitoka, nao wakinitazama kimya. Niliporudi nyumbani niliandika jibu kwa dakika tano. Je, ni kweli kwamba sina uwezo?

Dada yangu, uwezo unao, na ushahidi wake ni zile dakika tano za nyumbani. Kilichokupata kimewahi kupimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani, wakishirikiana na kampuni ya Microsoft, waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la kuandika programu ubaoni. Nusu yao walifanya mbele ya msaili huku wakieleza wanachokifanya, na nusu nyingine walifanya peke yao chumbani, bila mtu wa kuwatazama. Matokeo ya waliotazamwa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Katika kundi hilo wanawake wote walishindwa, ilhali wanawake wote waliofanya peke yao walifaulu. Idadi ya waliopimwa ni ndogo, na haitoshi kusema kwamba ndivyo ilivyo kila mahali, lakini inatosha kukuondolea hukumu uliyojipa mwenyewe.

Hata hivyo usaili wa namna hiyo bado upo na utakutana nao tena, kwa hiyo tuzungumze namna ya kuukabili. Wengi wetu tumelelewa na kusomeshwa katika utaratibu ambao mtu akiwa mbele ya wakubwa hunyamaza mpaka apate jibu kamili. Darasani anayenyoosha kidole ni yule ambaye amekwisha kulipata, na anayesema "sina hakika, lakini nadhani tuanze hivi" huonekana hakusoma. Msaili wa kampuni ya programu anataka kinyume cha hayo. Jibu la swali lile analo yeye mwenyewe tangu asubuhi. Asichokuwa nacho ni picha ya namna unavyofikiri, na picha hiyo hawezi kuipata isipokuwa kwa kinywa chako. Ukinyamaza dakika kumi, hata kama kichwani umefika robo tatu ya njia, kwenye karatasi yake ataandika kwamba hukuanza.

Tulichukue swali lako lenyewe. Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, andika mfano ubaoni na uusome kwa sauti. Andika *Kariakoo*. Mara moja utaona jambo la kuuliza: je, K kubwa ya mwanzo na k ndogo ya katikati zihesabiwe kuwa herufi moja, au mbili tofauti? Zikiwa moja, k inajirudia, a inajirudia, na jibu ni r. Zikiwa mbili tofauti, jibu ni K yenyewe. Kwa swali hilo moja msaili amekwisha kujua kwamba unakagua masharti kabla ya kujenga. Kisha andika *barabara*. Humo b ziko mbili, r ziko mbili, a ziko nne, na hakuna herufi hata moja iliyo peke yake; basi uliza programu irudishe nini ikikutana na neno la namna hiyo, na irudishe nini ikipewa neno tupu.

Baada ya hapo taja njia ya kwanza inayokujia, hata kama ni ya polepole: unachukua kila herufi na kuilinganisha na nyingine zote. Kwa neno la herufi 8 milinganisho haizidi 64, na hakuna atakayelalamika. Kwa maandishi yenye herufi milioni 1 milinganisho inaweza kukaribia trilioni 1, na hapo mtumiaji ataingoja kompyuta mpaka achoke. Ukishalisema hilo kwa sauti, njia ya pili iko karibu: unapita mara ya kwanza ukihesabu kila herufi na kuandika hesabu yake katika jedwali, kisha unapita mara ya pili ukitafuta herufi ya kwanza yenye hesabu ya 1. Kwa herufi zilezile milioni 1, hatua ni kama milioni 2 tu. Naamini haya yote ulikuwa unayajua. Kilichokosekana ni desturi ya kuyatamka.

Desturi hiyo huja kwa kufanya mazoezi ukiwa umesimama, mbele ya mtu, kwa kuwa kukaa peke yako na kompyuta hakukufundishi kutazamwa. Mtu huyo si lazima ajue kompyuta. Mdogo wako wa kidato cha pili anatosha, mradi akutazame na akuulize "kwa nini" kila unapobadilisha njia. Uliza pia mapema usaili utaendeshwa kwa lugha gani, kwa sababu nimewaona vijana wenye akili nyingi wakipoteza nusu ya nguvu zao kutafuta maneno ya Kiingereza, huku wasaili wote watatu wakiwa Waswahili ambao wangekielewa Kiswahili chao vizuri kabisa. Na ukikwama kweli, sema: "Naomba dakika mbili nifikiri, kisha nitawaeleza nilikofika." Kwa miaka niliyokaa upande wa wasaili sijaona aliyepunguziwa alama kwa kuomba dakika mbili.

Jopo lililokaa kimya dakika kumi likimtazama mtu akitoka jasho nalo halikujua kazi yake. Msaili mwema humwuliza mwombaji "unawaza nini sasa?" kabla dakika ya pili haijaisha.

Niliomba kazi katika kampuni changa hapa Nairobi. Baada ya mazungumzo ya simu ya dakika ishirini walinitumia kazi ya kufanyia nyumbani: nitengeneze mfumo mzima wa kulinganisha miamala ya pesa za simu na vitabu vya hesabu vya maduka, pamoja na kurasa za ripoti zenye nembo yao. Nilipewa siku tano na sikulala. Niliwasilisha mwezi wa tano na tangu siku hiyo hawajibu barua pepe wala hawapokei simu. Rafiki yangu naye alipewa kazi kama yangu, ila ni sehemu nyingine ya mfumo uleule. Nifanye nini?

Ndugu msomaji, habari ya rafiki yako ndiyo inayonisumbua zaidi katika barua yako. Jaribio la kufanyia nyumbani si jambo baya; kwa mtu anayeganda mbele ya jopo, kama yule dada wa Sinza, ni rehema. Lakini lina alama zake. Swali lake ni la kubuni, data yake ni ya kubuni, linamalizika kwa saa chache, na waombaji wote hupewa lilelile ili walinganishwe kwa haki. Mahali ambapo mwombaji mmoja anapewa msingi, mwingine anapewa kuta, na wote wanatakiwa kuweka nembo ya kampuni, siwezi kuamini kwamba kinachofanyika ni kupima watu. Anayetaka nyumba na awalipe mafundi.

Kwa sasa waandikie barua moja fupi yenye tarehe. Taja siku uliyowasilisha, omba matokeo ndani ya siku saba, na uwaombe wathibitishe kwa maandishi kwamba kazi yako haitumiki katika bidhaa yao. Hifadhi barua hiyo pamoja na ujumbe wao wa kwanza, maelekezo ya jaribio, na nakala ya msimbo wako (maandishi ya programu) ikiwa katika hazina yako mwenyewe ya kuhifadhia msimbo, inayoonyesha tarehe ya kila badiliko. Ikitokea siku moja ukauona mfumo huo sokoni ukiwa na makosa yako yaleyale ya tahajia ndani yake, utakuwa na kitu cha kumpelekea wakili. Usianze kuwatangaza mitandaoni kabla ya kuwa na ushahidi huo, kwa sababu kesi inaweza kukugeukia wewe.

Mara nyingine utakapopewa jaribio, uliza kabla ya kuanza: linatarajiwa kuchukua saa ngapi, nani ataisoma kazi, na je, nitapata nafasi ya kuieleza ana kwa ana? Kampuni inayokusudia kukupima hujibu maswali hayo kwa furaha. Isiyojibu imekwisha kukuonyesha namna itakavyoishi nawe. Na kazi ikizidi siku moja, ni haki yako kusema kwamba utaifanya sehemu fulani tu kwa ukamilifu na kueleza zilizobaki ungezifanyaje.

Katika ujana wangu niliwahi kungoja jibu la kampuni moja kwa miezi minne, nikikataa vibarua kwa kuogopa kwamba ningeitwa ghafla na kukutwa nina kazi nyingine. Jibu halikuja. Tangu hapo nina kanuni ninayoishika bila huruma: wiki mbili zikipita, naandika barua moja ya kukumbusha, ikipita wiki nyingine bila neno, naihesabu nafasi ile imefungwa na moyo wangu unaenda kwingine. Nakuomba uishike na wewe.

Mimi niko Mwanza. Kampuni ya London ilinipangia usaili wa mtandaoni siku ya Jumatatu, mwisho wa mwezi wa tatu, saa 8 mchana kwa saa zao. Najua tofauti yetu nao ni saa tatu, nikakaa tayari saa 11 jioni, nikakuta wameondoka. Walinihurumia wakanipa siku nyingine, na safari hiyo umeme ukakatika katikati ya swali la pili. Sikuitwa tena.

Pole sana. Tofauti ya saa tatu uliyoijua ni ya majira ya baridi. Nchi za Ulaya husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, na sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia Jumapili iliyotangulia usaili wako tofauti yenu ilishuka ikawa saa mbili, na usaili ulikuwa saa 10 jioni kwa saa zetu. Marekani nayo ina tarehe zake: Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, hivyo New York ni saa nane nyuma yetu wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi. Zipo wiki kadhaa kila mwaka ambapo Marekani imekwisha kubadilisha na Ulaya bado, na hizo ndizo wiki za hatari.

Dawa yake ni kuwajibu kwa kuandika saa ya pande zote mbili, kwa mtindo wa saa 24: "Nitakuwa tayari saa 14:00 ya London, ambayo ni saa 16:00 ya Mwanza." Mtindo huo unakuepusha pia na mkanganyiko wetu wenyewe, kwani saa nne ya Mswahili na saa nne ya Mwingereza zimeachana kwa saa sita.

Kuhusu umeme, mwanzoni kabisa mwa mazungumzo mwambie msaili kwamba umeme ukikatika utarudi kwa simu ndani ya dakika tatu, na umpe namba. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji, simu iwe na bando la mtandao tofauti na ule wa nyumbani, na uwe umejaribu siku moja kabla kuunganisha kompyuta na simu hiyo. Ukikatika, rudi bila kuomba radhi mara kumi. Sentensi moja inatosha, kisha endelea na swali pale mlipoachia.

Katika usaili hapa Dodoma, baada ya maswali ya kitaalamu niliyoyajibu vizuri, mkuu wa jopo aliniuliza kama nina mchumba, nitaolewa lini na ninatarajia kuzaa watoto wangapi. Nilijibu huku nikitabasamu kwa sababu sikujua la kufanya. Kazi alipewa kijana niliyesoma naye, ambaye hakuulizwa lolote la namna hiyo.

Binti yangu, usijilaumu kwa tabasamu. Aliyestahili kuona haya ni aliyeuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri wa Tanzania Bara kubagua kwa misingi kadhaa, na miongoni mwake imetaja jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Katazo hilo halingoji mtu aajiriwe kwanza, kwa kuwa sheria inazitaja pia taratibu za kutafuta watumishi na vigezo vya kuwachagua. Inasema vilevile kwamba mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wasomaji wetu wa Kenya nao wanalindwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kinachomtaja waziwazi mtu ambaye bado anatafuta kuajiriwa.

Andika leo yote unayoyakumbuka: siku, saa, waliokuwepo, maneno yenyewe. Muulize yule mwenzako kama yuko radhi kueleza aliyoulizwa na yeye. Ukiwa na hayo, nenda mapema kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria wakueleze kama shauri lako linafaa kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikuambii kwamba ni njia nyepesi, na ukiamua kutoipita hakuna atakayekuona mwoga.

Siku nyingine ukiulizwa hivyo, unaweza kujibu kwa adabu bila kujibu swali: "Nimeelewa mnataka kujua kama nitapatikana kwa ajili ya kazi. Muda wa kazi mlioutaja katika tangazo naumudu." Halafu nyamaza. Huo ndio ukimya pekee ninaoupendekeza katika ukurasa huu.

Mtu aliyejitambulisha kuwa anatafutia kampuni ya nje wahandisi alinifuata mtandaoni. Mshahara aliotaja ni mara sita ya ninaoupata hapa Morogoro. Alinitumia mradi akitaka niupakue na kuuendesha kwenye kompyuta yangu tukiwa kwenye simu ya video, ili aone ninavyorekebisha makosa. Nilisita. Je, nimepoteza bahati?

Umefanya vyema kusita. Tangu mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa mitandao wamekuwa wakionya juu ya wadukuzi wanaohusishwa na Korea Kaskazini ambao hujifanya waajiri, humpa mhandisi mradi wa "usaili", na ndani ya mradi huo huficha programu inayoiba maneno ya siri na pesa za kidijitali mara tu mradi unapoendeshwa. Wizi mkubwa katika Ronin, mtandao wa pesa za kidijitali, wa mwezi wa tatu mwaka 2022, uliogharimu zaidi ya dola milioni 600, nao uliripotiwa kuanza na mhandisi mmoja aliyepewa ofa ya kazi isiyokuwepo.

Usiendeshe msimbo wa mtu usiyemjua kwenye kompyuta yenye kazi zako au za mwajiri wako. Tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni inayotajwa, andikia anwani iliyomo humo, uliza kama mtu huyo ni wao. Na yeyote anayedai ada ya fomu, ya mafunzo au ya "kufungua faili" kabla ya usaili, katika nchi yoyote, mwache palepale.

Je, ni makosa kutumia akili mnemba wakati wa jaribio la mtandaoni? Kila mtu anatumia. (Msomaji, Mombasa)

Uliza kampuni, kisha fuata walichosema. Zipo zinazoruhusu na hata kutaka kuona unavyoitumia, zipo zinazokataza. Pale inapokatazwa, kuitumia kwa siri ni udanganyifu, na mara nyingi hugundulika katika hatua inayofuata, msaili anapoomba umweleze kwa nini ulichagua njia ile badala ya nyingine. Pale inaporuhusiwa, usikabidhi mstari ambao huwezi kuutetea ukiwa umesimama.

Ninamiliki kampuni ya programu ya watu kumi na mmoja, Mikocheni, Dar es Salaam. Mwezi uliopita tuliwasaili waombaji kumi kwa nafasi moja. Kila mmoja wetu aliuliza alichopenda, tukamchagua kijana mcheshi anayejieleza vizuri sana. Sasa kazi haiendi. Wale tisa sikuwaandikia, kwa kweli kwa sababu sikujua niwaambie nini. Tukiajiri tena tufanyeje?

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika, maana barua za upande wako wa meza ni chache mno. Kila mmoja kuuliza alichopenda ndiko kulikowaponza. Ukimwuliza huyu kuhusu hifadhidata na yule kuhusu mpira, mwisho huna cha kulinganisha isipokuwa nani alikufurahisha. Utafiti wa Schmidt na Hunter uliochapishwa mwaka 1998, uliokusanya matokeo ya miaka 85 ya uchunguzi kuhusu namna za kuchagua wafanyakazi, ulionyesha kwamba usaili wenye mpangilio, ambao waombaji wote huulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa kipimo kilichoandikwa kabla, hutabiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo huria; na kumpa mtu kipande cha kazi inayofanana na kazi yenyewe nako ni kipimo kizuri.

Hata kampuni kubwa zilipotea njia hapo. Google iliwahi kujulikana kwa mafumbo ya kuuliza, kwa mfano, ni mipira mingapi ya gofu inayoweza kuingia ndani ya ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza masuala ya watumishi wa kampuni hiyo, aliliambia gazeti la The New York Times kwamba mafumbo hayo hayatabiri lolote na ni kupoteza muda. Uchunguzi wao wa ndani ulionyesha pia kwamba baada ya usaili wa mara nne, kuongeza wa tano hakuwasaidii kiasi cha maana. Kwa kampuni ya watu kumi na mmoja, usaili wa mara mbili unatosha.

Kwa hiyo kaeni wiki moja kabla, mwandike maswali matano yanayotokana na kazi halisi ya ofisi yenu. Kwa mfano: mteja amelipa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika akabonyeza tena, mfumo ulipaswa kufanya nini, na sasa tunafanya nini? Andikeni pembeni jibu dhaifu linafananaje, la wastani linafananaje na zuri linafananaje. Kila msaili aandike alama zake kabla ya kusikia za wenzake, na mkubwa wa ofisi azungumze wa mwisho, kwa sababu akianza yeye wengine wote watamfuata. Mwombaji apewe ruhusa ya kukaa peke yake dakika kumi na karatasi kabla ya kueleza. Na katika barua ya kumwita mwambieni usaili utakuwa na hatua ngapi, nani atakuwepo, utatumia lugha gani na jibu litatoka tarehe gani.

Wasifu na nakala za vyeti mlizozikusanya nazo mziangalie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu ninyi pia, na nakala ya kitambulisho cha mtu mliyemkataa haina sababu ya kubaki katika kompyuta ya mapokezi.

Lakini la kwanza kabisa ni wale tisa. Umesema hukujua uwaambie nini, unaweza kuanza na maneno kama haya: "Tunakushukuru kwa kuja kwenye usaili wetu. Nafasi ile tumempa mwombaji mwingine. Tulipenda maswali uliyouliza kuhusu data kabla ya kuanza kuandika. Sehemu iliyopungua ilikuwa namna ya kushughulikia miamala miwili inayofika kwa wakati mmoja. Unakaribishwa kuomba tena." Badilisha sentensi ya tatu na ya nne kwa kila mtu, na ziwe za kweli. Barua moja itakuchukua dakika tano, na zote tisa hazifiki saa nzima. Ziandike leo, mwezi mzima umepita na wao wangali wanatazama simu zao.